Kapasita ya feni ya AC iliyokaribia kumtengesha mayu wa watu Ngulyati

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Jambo hili nimelikalia muda mrefu kabla ya kulileta humu. Nilitaka moyo utulie kwanza nisije nikaongeza chumvi. Niliyoyaona nitasema nimeyaona, niliyoambiwa nitasema nimeambiwa, na pale nisipojua nitasema sijui. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu watu hawa naonana nao mnadani.

Mimi ni fundi wa friji, feni na AC hapa Bariadi mjini. Shule niliishia la saba. AC nilijifunzia Mwanza kwa kumshikia fundi mmoja ngazi, mpaka siku akaniambia "leo panda wewe". Kwa hiyo wahandisi mliomo humu, nikikosea nirekebisheni, sitakasirika.

Na nijiseme mapema, mimi ni mwoga. Kazi nikishamaliza nikafika nyumbani naanza kujiuliza, ile nati nilikaza? Ule waya wa blue niliuweka wapi? Kuna wakati nimerudi kwa mteja kuangalia tu kitu ambacho kilikuwa sawa. Mke wangu amenichekaga mpaka amezoea.

Sasa twende.

Ngulyati si mbali na mjini. Pale kuna duka la dawa za mifugo la jamaa nitakayemwita Maduhu. Wafugaji wanafuata dawa za kuogeshea, za minyoo na chanjo. Lina AC moja ya ukutani, kwa sababu dawa nyingine hazitaki joto na lile bati mchana ni kikaango. Dukani anakaa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, tumwite Limbu.

Ilikuwa kiangazi, msimu wa kuuza pamba. Mchana Maduhu akanipigia. Sauti haikuwa ya mtu anayeita fundi.

Akasema, "Njoo utoe AC yako ukutani."

Nikamwambia si yangu, sikuifunga mimi.

"Njoo uitoe hivyo hivyo. Imemuua Limbu."

Wakuu, nilikaa juu ya friji la mtu. Akajirekebisha mwenyewe, akasema hajafa, amezimia, wamempeleka kituo cha afya. Akakata simu.

Nilichukua boda. Njia nzima nawaza, ingawa sijawahi kuigusa ile AC, labda niliwahi kuigusa nikasahau? Akili yangu ndivyo ilivyo.

Nilipofika nikaelezwa hivi. Feni ya ile mashine ya nje ilikuwa na tabia ya kugoma kuanza. Ukiwasha inaunguruma tu mmm, haizunguki, mpaka uisukume kwa kijiti. Limbu alikuwa na kijiti chake maalumu.

(Hapa nisimame kidogo. Feni ya AC ikihitaji kusukumwa ndipo izunguke, mara nyingi kapasita imechoka au waya wake umeachia. Kapasita ndiyo inayoipa ile mota msukumo wa kuanzia. Usinunue kijiti, ita fundi.)

Siku hiyo umeme ulikatika. Limbu akaona ndiyo nafasi nzuri ya kusafisha vumbi na kiota cha nyigu kule nje. Akashusha na meini swichi kabisa. Nasema hili kwa haki yake, maana wengine walisema ni uzembe. Yule kijana alifanya kila alichojua. Akapanda kwenye benchi, akafungua kifuniko, akaingiza mkono.

Akapigwa. Walioona wanasema alirushwa kama ametemwa. Akaangukia kichwa na mkono, mkono ukavunjika.

Sasa hapo ndipo hofu ilipoanzia. Umeme haukuwepo kijiji kizima. Meini swichi iko chini. Na mbingu nyeupe, hakuna wingu hata la ukubwa wa kiganja. Kitu gani kinampiga mtu kama umeme na umeme haupo?

Kwetu usukumani jibu la swali hilo lipo tayari. Radi ya kutumwa.

Nisijifanye mjanja hapa. Babu yangu mzaa mama ni wa Kimali, kule Meatu. Radi iliwahi kupiga zizi lake, na nilikua nikisikia jina la aliyeituma. Kwa hiyo nilipolisikia neno hilo Ngulyati, mimi fundi mwenye tester mfukoni, nywele zilisimama.

Na jina lilikuwa limeshapatikana. Mayu Nkwimba, mayu kwetu ni mama. Ni mama mzee, mjane, mji wake, yaani boma lake, uko nyuma ya duka. Siku chache kabla alikuwa amekuja na malalamiko kwamba ndama wake alikufa baada ya dawa aliyouziwa pale. Limbu alimjibu kwamba labda alimpa kipimo kibaya. Wanasema alimjibu huku anacheka. Mama akaondoka akisema neno mbele ya watu.

Neno lenyewe nimeliulizia kwa watu watatu. Wawili wanasema alisema, "Na wewe kitu kitakupiga usichokiona." Mmoja anasema alisema tu "Mungu anaona." Mimi sikuwepo.

Limbu alipoanguka, mwano ukapigwa, lile yowe la kuita watu. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakakusanyika uwanja wa godauni la pamba. Maduhu akanipeleka kule kabla hata sijaiona AC. Alisema ntemi, mkuu wa sungusungu, anamtaka fundi.

Niliwakuta wanaume wamekaa duara, vijana wamesimama nyuma na fimbo zao. Mayu Nkwimba alikuwa amekaa chini peke yake, miguu ameinyoosha, kitenge amekishika kwa mikono miwili. Halii. Anaangalia vidole vya miguu yake tu.

Kwa msiojua, adhabu iliyokuwa inasubiriwa pale ni kutengwa. Ukitengwa hupewi moto, huchoti maji na wenzako, ng'ombe wako hachungiwi, ukifiwa hakuna anayekuja kuchimba. Mama wa umri ule akitengwa hafiki masika. Na hiyo ndiyo adhabu ya mkutano. Ile ya vijana wenye hasira wanaokuja bila mkutano, mnaijua, sina haja ya kuieleza.

Ntemi wao ni mzee tumwite Jilala. Aliongea taratibu.

"Fundi, wewe ndiye mwenye hivi vitu. Umeme ukiwa umekatika, na swichi iko chini, mashine inaweza kumpiga mtu?"

Niliona kwenye nyuso zao jibu wanalolitegemea. Walitaka niseme haiwezi, kesi ifungwe. Na ningesema hivyo ningerudi Bariadi salama kwa boda yangu.

Nikasema inaweza.

Kaka yake Limbu, Masunga, akasimama. Shati lake lilikuwa na damu ya mdogo wake. Nataka msimchukie huyu mtu, ningekuwa mimi sijui ningekuwaje.

"Wewe ni wa ukoo wa huyu mama?"

Nikasema hapana. Nikaeleza kwamba ndani ya ile mashine kuna kopo dogo linaitwa kapasita, linatunza umeme hata baada ya kuzima.

"Umeme unakaa kwenye kopo," Masunga akasema, "kama maziwa kwenye kibuyu."

"Ndiyo. Kama maziwa kwenye kibuyu."

"Basi twende utumiminie."

Watu wakacheka, lakini kile kicheko hakikuwa kizuri.

Tukaenda wote mpaka ukutani pa duka. Nikapanda lile benchi. Wakuu, bisibisi ikawa inagonga bati ti ti ti. Nilikuwa naogopa mara mbili. Naogopa kapasita, na pembeni ya moyo naogopa kile kingine. Je, kama kweli ilitumwa na bado imo?

Nilichokikuta ni hiki. Aliyetengeneza mwanzo alikosa kapasita ya pamoja, ile yenye vichwa vitatu, akaweka mbili mbalimbali, moja ya kompresa na moja ya feni. Hilo si kosa, linaruhusiwa. Ila waya wa feni hakuuwekea kishikio cha kuchomeka. Aliusokota kwa mkono akazungushia tepu, na tepu ile ikayeyuka kwa joto. Simhukumu, huenda vishikio havikupatikana siku hiyo. Waya ulikuwa umeachia, unagusa na kuacha, unagusa na kuacha.

Hapo nikaelewa. Kapasita ikiwa imeunganishwa vizuri, ukizima, umeme wake unaishia kwenye nyaya za mota. Lakini waya ukiachia wakati mashine inafanya kazi, umeme unabaki umefungiwa ndani hauna pa kutokea. Unasubiri mkono.

Nikaita watu wasogee. Nikagusisha bisibisi kwenye vichwa vyote viwili vya kapasita ya feni nikitegemea cheche.

Hakuna kitu.

Nikarudia. Hakuna.

Masunga akasema, "Kibuyu kitupu."

Bila kufikiri nikasema kitupu kwa sababu Limbu ameshayanywa yote. Ndiyo ukweli wenyewe, umeme uliokuwemo ulipita kwenye mkono wake ukaisha. Ila lilitoka kama dhihaka. Vijana wakanisogelea. Mmoja akanivuta suruali nishuke. Maduhu akaingia katikati, na ningependa ijulikane kwamba aliingia, maana alikuwa na kila sababu ya kuniacha.

Nikamgeukia Jilala, nikamwomba nafasi nilijaze kopo mbele yao. Akaniuliza nitalijaza na nini, umeme si haupo. Karibu na godauni kuna kinyozi anatumia sola na inveta. Nikasema pale.

Nikaichomoa ile ya feni, tukahama tena. Mayu Nkwimba naye akainuliwa akafuata, hakuna aliyemshika mkono.

Hapa mafundi mtanielewa, wengine nivumilieni. Umeme wa ukutani na wa inveta unapanda na kushuka muda wote. Ukigusisha kapasita ukaitoa, kinachobaki ndani kinategemea ulitoa wakati gani. Unaweza kuitoa imejaa, unaweza kuitoa karibu tupu. Ni bahati. Nililijua hilo, na hakuna mwingine pale aliyelijua. Uhai wa mama wa watu nimeuweka kwenye bahati, na siwezi kuwaambia.

Nikaweka taa ya zamani, ile ya waya ndani, kwenye njia ya umeme ili inveta isizidiwe. Nikagusisha, taa ikang'aa kidogo, nikatoa. Nikaweka bisibisi.

Hakuna.

Sauti za watu nyuma zikaanza kupanda. Nikasikia mtu anasema tumpoteze na huyu. Sijui kama alimaanisha. Jasho likaniingia machoni nikashindwa hata kuona vichwa vya kapasita. Nikamwangalia mayu, akaniangalia, mara ya kwanza. Hakuwa na matumaini yoyote usoni. Alikuwa kama ananionea huruma.

Nikagusisha tena. Nikatoa. Nikaweka bisibisi.

PAA.

Cheche ya bluu, mlio kama wa kiberiti kikubwa. Waliokuwa mbele waliruka nyuma wakawakanyaga wenzao. Kinyozi akaacha mashine ya kunyolea ikaanguka.

Nilifikiri imeisha. Masunga akasema ile ni cheche tu, fundi yeyote ana ujanja wa cheche. "Limbu hakuona cheche. Limbu alirushwa. Mpige mtu tuone."

Nani? Wote wakarudi nyuma. Nikasema nitapigwa mimi.

Nawaomba sana, hili msilifanye. Kapasita ya feni ni ndogo, ile ya kompresa ni kubwa mara nyingi, na mwenye moyo mbovu hata ndogo inatosha. Nilitumia vidole viwili vya mkono mmoja ili umeme usipite kifuani, mkono mwingine nikauweka mfukoni. Hata hivyo nilisali, nikamtaja mke wangu kwa jina.

Nikaijaza, nikaitoa, nikaishika.

Sikumbuki vizuri. Nakumbuka kitu kama nyundo imepita ndani ya mfupa mpaka kwenye kiwiko, na nakumbuka nimekaa chini kwenye nywele za watu walionyolewa, nimepiga kelele ambayo sijawahi kujua kwamba ninayo. Kapasita iliruka ikaenda kugonga kioo.

Watu wakacheka. Kicheko cha kweli safari hii, hata vijana wenye fimbo. Mzee mmoja akasema fundi analia kama mbuzi wa mnada. Sikuona aibu, ningelia tena kama wangetaka.

Ila Masunga hakucheka. Akauliza swali ambalo mpaka leo linanikaa.

"Sawa, nimeona. Kopo linapiga. Lakini kwa nini huo waya uachie kipindi hiki? Kwa nini mkono wa Limbu na si wa mwingine? Kwa nini baada ya yule mama kusema?"

Wakuu, nilitafuta jibu. Ningeweza kusema joto, tepu, mtikisiko. Lakini hayo yalikuwepo miezi yote. Kwa nini kipindi hicho?

Nikamwambia sijui.

Nilijua nimeharibu. Masunga akamgeukia ntemi, akafungua mikono, kama kusema umesikia.

Jilala akamwangalia Masunga, akasema, "Na mimi sijui. Na wewe Masunga hujui. Hatumtengi mtu kwa sijui."

Akasema kesi ya radi imeisha, ya ndama ibaki kwa Maduhu na mama wakae waelewane. Akainuka. Mkutano ukavunjika.

Sitaki kuwadanganya kwamba wote waliridhika. Wapo walioondoka wakinong'ona kwamba kumbe hata kopo linaweza kutumika kutuma. Nao siwezi kuwacheka.

Limbu aliamka. Alikaa na mkono kwenye plasta mpaka pamba ikaisha kununuliwa. Yeye mwenyewe anasema hakumbuki kitu.

Nilirudi baadaye kuitengeneza. Kwa faida ya mafundi wadogo humu, hivi ndivyo nilivyochagua. Kwanza soma kibandiko cha mota, usisome kapasita ya zamani, maana huenda aliyeiweka naye alibahatisha. Mota ilitaka mikrofaradi 5 na ilikuwa imewekewa 10. Ukizidisha hivyo feni itazunguka, utafurahi, halafu mota itachemka taratibu mpaka iungue. Ukipunguza, itaunguruma na kurudi kwenye kijiti. Weka ile ile iliyoandikwa. Volti usishuke chini ya zilizoandikwa, hii ilitaka 450. Msiseme ukutani ni 230 kwa hiyo 250 inatosha, kwenye kapasita zinapanda kuliko za ukutani. Kupanda volti hakuna shida.

Nilipata ya pamoja. Ina C, FAN na HERM. C inapokea njia ya umeme inayoingia kwenye kompresa na feni, vyote viwili, FAN ni waya wa kuanzia wa feni, HERM ni wa kuanzia wa kompresa. Ukibadilisha FAN na HERM utaua vyote. Kila waya nikaubana kwa kishikio chake, nikauvuta kwa nguvu kuona kama utatoka. Na kabla ya kugusa chochote, nilizima, nikamaliza umeme kwa taa yenye nyaya mbili, nikapima na tester. Siku hizi nafanya hivyo hata kwenye kapasita mpya kutoka dukani, mnicheke tu.

Nilipokuwa nafunga begi, mayu Nkwimba akaniita kutoka kwenye mji wake. Nikaenda, nikamsalimia kwa heshima, mwangaluka mayu. Akaitika, akaniwekea kigoda. Nilidhani anataka kunishukuru.

Akaangalia kwanza kama kuna mtu karibu. Kisha akaniita ng'wanawane, yaani mwanangu.

"Yale maneno nilisema kweli. Nilisema kitu kimpige. Na nilitaka kimpige." Akashika kitenge chake. "Waliponikalisha pale sikujitetea kwa sababu nilijua ni mimi. Sasa wewe ndiye uliyefungua ukaona ndani. Niambie. Si mimi?"

Kumbe muda wote ule alipokuwa anaangalia vidole vya miguu, alikuwa ameshajihukumu kabla ya sungusungu.

Nyie mnanijua sasa. Kila kitu huwa nasema nadhani, labda, sina uhakika. Swali la Masunga bado lilikuwa kifuani. Nilifungua mdomo na neno sijui lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Nikamwambia, "Si wewe, mayu. Ni waya."

Akauliza tena, "Ni waya?"

"Ni waya."

Akaweka kitenge usoni, mabega yakaanza kutikisika. Nilikaa naye pale mpaka akanyamaza.

Funzo nililopata ni kwamba umeme ukikatika haimaanishi umeondoka, na neno sijui la fundi linaweza kumuua mtu au kumwokoa, inategemea nani analisikia. Kuzima si kumaliza. Maliza, pima, ndipo uguse.

Ila kuna kitu bado kinanisumbua, ndiyo maana nimeleta uzi. Kwa mkutano nilisema sijui, kwa mama nikasema si wewe. Nilikuwa mkweli wapi? Mafundi, wachungaji, wazee wa usukumani mliomo humu, niambieni, na msinionee aibu. Nasoma kila mtakachoandika.